Juu ya nini watoto wetu wanabaki nyuma kwenye PASEC?

Mwaka 2019 Kongo yetu ilishiriki kwenye PASEC, mtihani wa nchi zinazosomesha kwa Kifaransa. Wanapima kusoma na hesabu, mwaka wa pili na wa sita wa primeri. Kwa mwaka wa sita tulikuwa kati ya nchi za chini. Wengi wanasema watoto wa siku hizi hawana akili. Mimi sikubali.

Mtoto wa jirani yangu hapa Kalemie, wa mwaka wa nne, anauzishaka ndagala na mama yake sokoni. Nilimuuliza kwa Kifaransa: uko na mafungu 45, umeuzisha 18, inabaki ngapi? Akanyamaza, akaangalia miguu. Nikarudilia kwa Kiswahili. «27!», mbele hata nimalize. Hesabu anaijua, swali ndilo halikumfikia.

Angalieni Burundi, kule mwisho wa ziwa letu, nchi maskini kama sisi. Mwaka 2014 watoto wao wa mwaka wa pili walipimwa kwa Kirundi, lugha wanayoanzia masomo, wakakuwa wa kwanza kati ya nchi 10. Na hesabu za mwaka wa sita, safari hii kwa Kifaransa, wakakuwa tena wa kwanza! Basi lugha ya nyumbani haiue Kifaransa.

Sisi tuko na sheria ya 2014 inayokubali lugha za taifa kwenye primeri. Lakini vitabu vya Kiswahili darasani, mumeviona wapi?

Mimi mwenyewe, mwanaagronomia, nilikariri jina la Kifaransa la ugonjwa wa mihogo ambao bibi yangu aliutambuaka kwa kuangalia majani tu.