Maji Baridi Si Maji Madogo

Tumezoea kulitaja ziwa kana kwamba ni mdogo wake bahari. Aliyesimama Sault Ste. Marie, mpakani mwa Marekani na Kanada, hawezi kuafiki. Hapo nilizitazama meli za madini ya chuma zikipandishwa na kushushwa katika milango ya maji, ubavu wa meli moja ukipita mpaka jicho likachoka. Ndefu kuliko zote, Paul R. Tregurtha ya mwaka 1981, ina mita 309. Haiwezi kufika baharini kwa kuwa urefu wake unaishinda milango iliyo njiani.

Ajabu ni kwamba mabaharia wa huko huziita mashua tu. Kwa mwanaisimu, hilo ni jina la mazoea, si la dharau. Ziwa wanalijua: tarehe 10 Novemba 1975, dhoruba ya Ziwa Superior iliizamisha Edmund Fitzgerald, yenye mita 222, na mabaharia wote 29 wakaangamia.

Nasi Afrika Mashariki tuliwazika mamia wa MV Bukoba mwaka 1996. Anayejaza chombo kupita kiasi katika Ziwa Victoria, akisema hili ni ziwa tu, anacheza na roho za watu.