Unga wa Stendi na Nguvu za Mwili: Yanayosemwa Sokoni, Yanayofichwa Zahanati

Kwenye barabara itokayo Bukoba kupita Muleba hadi Kagoma, popote basi linaposimama wachuuzi huinua bidhaa zao dirishani. Kuna senene waliokaangwa, karanga, na kahawa ya kutafuna iliyofungwa kwa maganda makavu ya mgomba. Siku hizi kuna pia vifuko vya unga wa rangi ya udongo, visivyo na jina la mtengenezaji wala tarehe, ambavyo muuzaji huvinadi kwa sauti ya chini kidogo: dawa ya heshima ya ndoa, dawa ya baba. Mnunuzi hulipa upesi na kukificha mfukoni. Makala haya yanamhusu mnunuzi huyo na mhudumu wa afya ambaye hataambiwa habari zake.

Tuanze na vyakula, kwa kuwa navyo hupewa sifa hizo hizo. Senene, ambao huja kwa wingi majira ya mvua, ni lishe ya kweli. Wakikaushwa, zaidi ya theluthi moja ya uzito wao ni protini, na sehemu kubwa ya uzito uliobaki ni mafuta. Wana pia madini ya chuma na zinki. Zamani katika Buhaya akina mama waliwakusanya na kuwakaanga, kisha wanaume wakala. Mgawanyo ambao mtaalamu wa lishe wa leo hawezi kuutetea, maana mama mjamzito au anayenyonyesha ndiye aliyewahitaji zaidi. Lakini zinki humrudishia nguvu yule aliyepungukiwa nayo tu. Kwa aliyeshiba vizuri, kikombe cha pili cha senene ni kitoweo, si dawa.

Kahawa ya kutafuna nayo, ile robusta inayochemshwa pamoja na majani yenye harufu kisha ikakaushwa, na ambayo mgeni wa Kihaya hukaribishwa nayo kabla ya jambo lolote, huondoa usingizi na uchovu kwa saa chache. Basi. Mtu asiyelala vizuri usiku hukopa nguvu hiyo, naye atailipa kesho yake.

Mizizi ina hadithi ndefu zaidi. Mulondo wa Waganda, majirani zetu ng'ambo ya Mutukula, ndio mukombero wa Waluhya wa Kakamega. Kitaalamu huitwa Mondia whitei, na hutafunwa na wanaume tangu enzi za mababu. Watafiti wa Uganda waliochapisha kazi yao mwaka 2005 waliorodhesha mimea zaidi ya thelathini inayotumiwa na waganga wa magharibi mwa nchi hiyo kwa tatizo la nguvu za kiume. Elimu hiyo haistahili kudharauliwa. Hata hivyo, mengi tunayoyajua kuhusu mulondo yametokana na panya na vipimo vya maabara. Kipimo salama kwa mzee wa miaka sitini anayemeza dawa za shinikizo la damu hakijulikani.

Hatari kubwa, kwa maoni yangu, si mzizi wenyewe, bali kile kinachochanganywa nao. Mamlaka za dawa za nchi nyingi zimekuwa zikipima bidhaa zinazouzwa kama za asili tupu na kukuta ndani yake sildenafili, dawa ya hospitali iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998. Ndiyo maana unga wa namna hiyo hufanya kazi ndani ya saa moja, jambo ambalo mizizi haina desturi nalo. Mgonjwa wa moyo anayetumia dawa za jamii ya naitreti akimeza unga huo, shinikizo lake la damu linaweza kuporomoka hadi akafa. Anayetumia ARV zenye ritonaviri hubaki na sildenafili nyingi mno katika damu, kwa sababu ritonaviri huzuia ini kuivunja. Na uume ukisimama zaidi ya saa nne bila kulegea, hiyo ni dharura ya hospitali hata kama ni usiku wa manane. Aibu ya kusubiri asubuhi inaweza kumharibu mtu moja kwa moja.

Lipo jambo jingine ambalo kifuko hukificha. Mishipa inayopeleka damu kwenye uume ina upana wa milimita 1 hadi 2 tu, ile ya moyo milimita 3 hadi 4. Mafuta na uharibifu wa kisukari huziba kwanza mfereji mwembamba. Kwa hiyo mwanamume anayeanza kushindwa tendo la ndoa anaweza kuwa amepewa onyo miaka miwili hadi mitano kabla moyo haujaanza kulalamika. Anayekimbilia unga hununua ukimya wa kengele hiyo. Wengine huacha vidonge vya presha kwa kuvishuku, na ni kweli kwamba baadhi ya dawa za kukojoza na za kupunguza mapigo ya moyo hupunguza nguvu hizo. Lakini daktari anaweza kuzibadilisha, mradi aambiwe.

Wanawake pia hupoteza hamu, ingawa hakuna anayewanadia kitu stendi. Upungufu wa damu utokanao na malaria au uzazi wa karibu karibu, kunyonyesha, ukavu baada ya kukoma hedhi, huzuni, maumivu wakati wa tendo: kila kimoja kina tiba yake, na hakuna hata kimoja kinachoponywa na mkuyati wa mumewe.

Mwaka 2004 madaktari wa Italia walichapisha matokeo ya wanaume 110 wanene wenye tatizo hili. Nusu yao walielekezwa kwa kina kula vizuri na kutembea, ili wapunguze uzito. Baada ya miaka miwili, 17 kati ya 55 walikuwa wamepona. Katika kundi lililopewa maelezo ya jumla tu, watatu. Hapakuwa na unga wowote. Kwetu, sahani ya namna hiyo haihitaji kuagizwa mbali: maharage, mboga za majani, dagaa na samaki wa ziwa, ndizi kwa kiasi, gongo na sigara vikae kando.

Mhudumu mwenzangu, mgonjwa hataanza yeye. Funga mlango, kisha uliza kama unavyouliza habari za kikohozi: "Baba, pamoja na vidonge hivi, kuna dawa gani nyingine unayotumia nyumbani? Na mambo ya chumbani yanakwendaje?" Usicheke, usigombe. Pima presha na sukari. Nawe ndugu msomaji, ukiitwa kliniki, kibebe kile kifuko mfukoni, ukiweke mezani pamoja na kadi yako.