Gari kuukuu la gia za mkono: ni kwa nini halili mafuta kama ilivyoandikwa?

Barabara ya Taifa Namba 1 ikitoka Bujumbura, kwenye Ziwa Tanganyika, hadi Bugarama, hupanda zaidi ya mita 1,000 kwa mwendo usiofikia kilomita 40. Nchini Burundi, ambako uhaba wa mafuta umejirudia tangu mwaka 2021, dereva wa teksi hulazimika kujua kama petroli aliyoipata baada ya foleni ndefu itamfikisha juu na kumrudisha.

Takwimu ya kiwandani haimsaidii sana. Magari mengi ya Kijapani ya miaka ya 1990 yalipimwa maabarani, injini ikiwa tayari imepata joto, bila mwinuko wowote, na kasi ya juu kabisa ikiwa kilomita 70 kwa saa. Mlima haukuwamo katika hesabu hiyo.

Nao mlima una bei yake. Injini ya petroli hugeuza takriban robo tu ya nishati ya mafuta kuwa mwendo. Kwa hiyo kulipandisha gari la kilo 1,300, abiria wakiwamo, mita 1,000 kwenda juu hutumia kiasi cha lita moja na nusu, mbali na mafuta ya kulisukuma mbele.

Sehemu ya gharama hiyo hurudi wakati wa kuteremka, lakini hapa ndipo madereva wengi wanapokosea. Wanaweka gia huru wakiamini wanabana matumizi. Gari lenye mfumo wa kupuliza mafuta kwa kompyuta, likiwa ndani ya gia na mguu ukiwa umeondolewa kwenye eksileta, hukata petroli kabisa, kwani magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Likiwa katika gia huru, injini lazima ilishwe ili isizimike. Magari ya kabureta kwa kawaida hayana ukataji huo, na huenda desturi hiyo ilianzia huko. Hata hivyo, kwenye mteremko mrefu kama wa Bugarama, gia huru huziachia breki kazi yote, nazo zikipata joto kupita kiasi hushindwa kushika. Hakuna lita inayostahili hatari hiyo.

Umri nao hudai chake. Kihisi cha oksijeni kikifa, kompyuta huweza kumimina petroli kupita kiasi bila dereva kusikia tofauti yoyote. Breki inayogandia, klachi inayoteleza mlimani na matairi yasiyo na upepo wa kutosha huongeza mzigo. Kichujio cha hewa kilichojaa vumbi huathiri zaidi matumizi ya gari la kabureta. Kwenye gari la kompyuta hupunguza nguvu kuliko kuongeza ulaji.

Faida ya gia za mkono ni kwamba dereva huchagua mwenyewe. Kwenye tambarare, gia ya nne kwa mizunguko 2,000 kwa dakika hula kidogo kuliko gia ya tatu kwa kasi ileile, mradi injini haigugumii.

Kupima kwenyewe hakuhitaji fundi. Tangi hujazwa hadi pampu ikatike, kilomita huandikwa, kisha hujazwa tena kwa namna ileile. Lita 38 kwa kilomita 475 ni lita 8 kwa kila kilomita 100. Kasoro ni kwamba njia hii hudai tangi lijazwe mara mbili, jambo gumu pale kituo kinapomgawia kila mteja lita chache tu.