Risasi ya jeshi kwenye bunduki ya mwindaji

Mfanyabiashara mmoja wa mpakani, mwindaji mwenye kibali, aliniuliza: "Bwana mwandishi, risasi ya jeshi ya 5.56 si inaingia kwenye bunduki yangu ya .223? Ubaya uko wapi?"

Kuingia inaingia. Lakini bunduki ya kiraia ina nafasi fupi zaidi kati ya ganda na mifereji ya mtutu. Ukipiga ya jeshi humo, mgandamizo unaweza kupanda kupita kiasi, fataki ikachomoka, gesi ikakurudia usoni. Kinyume chake, .223 kwenye bunduki ya 5.56, hakuna tatizo.

Nilimwambia asome maandishi ya kwenye mtutu, asipime kwa macho. Hata namba hudanganya: AK-47 na G3 zote ni 7.62, ila ganda la kwanza lina milimita 39, la pili 51.

Akasema atasubiri za dukani.