Mtoto Akikamatwa, Mzazi Asijifiche

Ndugu zetu wasomaji, hapa Uwemba, katika Mkoa wa Njombe, sisi Waislamu tu wachache, na kwa uchache wetu aibu ya nyumba moja huenea upesi kuliko ukungu wa asubuhi. Kwa sababu hiyo mtoto akikamatwa na polisi, wazazi wengi hufunga mlango wakanyamaza.

Jambo hili lilitufika sisi wenyewe. Kijana wa chuo chetu, mwenye umri wa miaka 15, alishikwa pamoja na watu wazima kwa wizi wa magunia ya viazi. Baba yake alitujia usiku akasema, "Maalim, amenifedhehesha. Samaki mkunje angali mbichi; mwache wamkunje." Nasi, Mwenyezi Mungu atusamehe, tulimwitikia. Siku ya tatu akaja mama yake akilia: mwanawe ni mrefu, cheti cha kuzaliwa hana, na ameandikwa kuwa ni mtu wa miaka 19. Hapo tukatambua kosa letu, kwani kumkunja samaki si kumtupia paka. Tulichukua daftari la chuo lenye tarehe ya kuzaliwa kwake, na kadi ya kliniki aliyoihifadhi mama yake, tukafuatana na baba yake mpaka kwa Afisa Ustawi wa Jamii. Umri ukasahihishwa, na kijana akarudi nyumbani kwa dhamana ya mzazi wake.

Basi yatupasa kuijua sheria. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yasema kuwa kila aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Shauri lake husikilizwa katika Mahakama ya Watoto, faragha, Afisa Ustawi wa Jamii akiwapo. Naye ana haki ya kuwa na jamaa yake na mtetezi wa kisheria. Akiwekwa kizuizini hachanganywi na watu wazima. Kosa lisipokuwa zito kama kuua, mzazi aweza kumdhamini tangu kituoni. Tena mtoto hahukumiwi kifungo cha jela. Huweza kuachiliwa kwa masharti, kuwekwa chini ya uangalizi, au kupelekwa shule ya maadilisho, kama ile ya Irambo, Mbeya. Na aliye chini ya miaka 10 hashitakiwi kwa jinai kabisa. Waonaje, ndugu msomaji? Fiqhi yetu nayo haimkalifishi mtoto asiyebaleghe.

Na asiye na fedha za wakili afanyeje? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imeweka njia ya kumsaidia maskini bila malipo. Wako wasaidizi wa kisheria wanaoelekeza na kushauri, ingawa hao hawasimami mahakamani. Kazi hiyo ni ya mawakili. Aanze kwa mtendaji wa kata au Afisa Ustawi wa Jamii. Polisi nako liko Dawati la Jinsia na Watoto, na simu ya 116 ya kuwasaidia watoto haina gharama.

Hatusemi kwamba mwizi aachwe, la hasha. Mwenye viazi ana haki yake, na baba wa kijana wetu alimwendea, akamtaka radhi na kumlipa. Lakini kumfunza mtoto ni kazi yetu kabla ya kuwa kazi ya askari, na haki ya mwenye mali haitimii kwa kumdhulumu mtoto.

Enyi wazazi, tafuteni vyeti vya kuzaliwa vya watoto wenu leo, kabla ya siku ya haja. Enyi walimu wenzetu, andikeni tarehe katika madaftari yenu. Na mtoto akikamatwa, mzazi aende siku ile ile, asingoje siku ya tatu kama tulivyongoja sisi.

Wabillahi tawfiq.