Je, Wajua? Kisu cha Opinel Huweza Kutiwa Weusi kwa Chai na Siki

Kisu cha kukunja cha Opinel, kilichobuniwa na Joseph Opinel mwaka 1890 katika eneo la milima la Savoie nchini Ufaransa, hupendwa na wale ambao burudani yao ni kuvipa visu sura mpya, kwa sababu mpini wake wa kawaida ni kipande kimoja cha mti wa biichi, ambacho huondolewa vanishi kwa msasa, kikachongwa upya, kisha kikapakwa mafuta ya kitani. Anayetaka mpini mweusi hahitaji rangi ya dukani: huloweka nyuzi za chuma za kusugulia sufuria ndani ya siki kwa siku kadhaa, na kabla ya kupaka maji hayo huupaka mpini chai nzito, kwa kuwa biichi ina uhaba wa tanini, yaani dutu yenye ukakasi iliyomo katika majani ya chai, ambayo hugeuka nyeusi ikikutana na chuma.

Bapa la feleji ya kaboni, ambayo haina kromi ya kutosha kuzuia kutu, hupakwa siki au haradali ili lijenge patina, utando wa kijivu unaopunguza kasi ya kutu nyekundu, ingawa hauondoi haja ya kulikausha. Pete ya Virobloc, iliyobuniwa mwaka 1955 ili bapa lisijikunje juu ya vidole, hutolewa kabla ya kazi na kurudishwa mwishoni. Kuisahau si jambo dogo.