Milango Wazi, Maneno Yaliyofumbwa

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari tunalo. Swali linaloniudhi ni kwamba daftari hilo limeandikiwa nani.

Majuzi jirani yangu hapa Nairobi alinijia akiwa na wasiwasi. Kiwanja wanachochezea watoto wa mtaa wetu kilikuwa kimezungushiwa mabati, na hapakuwa na ajuaye ni kwa amri ya nani. Mzee huyo, mwashi mstaafu asomaye gazeti la Kiswahili kila siku kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa michezo, alikwenda katika ofisi moja ya umma kuuliza kiwanja kimetengewa matumizi gani. Akajibiwa kwamba habari zote zimo katika intaneti na kila mtu anaweza kujisomea.

Tuliketi pamoja tukazitafuta. Tulichokipata ni waraka wa kurasa nyingi, uliopigwa picha upande upande, na kila neno lake lilikuwa la Kiingereza, tena Kiingereza cha mawakili na wapima ardhi. Mzee aliutazama kwa kitambo, kisha akaniuliza, "Mwalimu, hapa wameniambia au wamenificha?"

Mimi nimefundisha isimu kwa miaka mingi, na sijaulizwa swali zito kuliko hilo. Katika Kiswahili neno "wazi" lina maana mbili zinazoandamana. Mlango ulio wazi ni ule usiofungwa, na jambo lililo wazi ni lile linaloeleweka. Serikali zetu, ile ya taifa na zile za kaunti, zimeishika maana ya kwanza na kuisahau ya pili.

Haki yenyewe haina utata. Ibara ya 35 ya Katiba ya 2010 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola. Ibara ya 7 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inamruhusu mwananchi kuandika ombi lake kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, na kuitaka ofisi imjibu katika muda wa siku 21.

Mnamo Julai 2011 Rais Mwai Kibaki alizindua tovuti ya takwimu huria za serikali, na Kenya ikawa miongoni mwa nchi za kwanza kusini mwa Sahara kuchukua hatua hiyo. Tulishangilia, kwani kipya kinyemi. Lakini miaka michache baadaye shauku ilififia, na takwimu nyingi zikaachwa zichakae. Wengi hutaja uhaba wa fedha na wakuu wasiopenda kumulikwa. Sina ubishi nao, ila naongeza sababu moja. Tovuti hiyo ilizungumza Kiingereza. Mchuuzi wa Gikomba na mama wa Mukuru, ambao ndio wenye haja ya kujua fedha za mtaro na zahanati zimekwenda wapi, hawakuzungumziwa. Kitu kisichoulizwa na wengi hakipati mtunzaji.

Hebu tutazame pale ambapo wananchi walijifanyia wenyewe. Mwaka 2009 Kibera, mtaa wa maelfu kwa maelfu ya watu, ulikuwa kama pengo tupu katika ramani zilizotumiwa na umma. Vijana wa huko, wakishirikiana na wataalamu, walizunguka vichochoroni na vifaa vya kupimia mahali, wakanakili visima, vyoo, shule na zahanati kutoka Kianda hadi Laini Saba. Baadaye wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na watafiti kutoka Marekani, walipanda matatu wakiwa na simu za mkononi, wakaandika kila kituo. Ramani iliyotolewa mwaka 2014 ilikuwa na njia zaidi ya 130. Kazi hizo zilifaulu kwa kuwa zilianzia kwenye maneno ambayo watu huitia mahali pao.

Kuna mfano mwingine wenye kejeli ndani yake. Mapema mwaka 2008, nchi ikiwaka kwa ghasia za baada ya uchaguzi, Wakenya wachache walibuni programu ya kukusanya habari za wananchi na kuzionyesha kwenye ramani, wakaiita Ushahidi. Haiti ilipopigwa na tetemeko Januari 2010, programu hiyo ilitumika kuonyesha mahali palipohitaji msaada. Waathiriwa walituma ujumbe kwa Krioli, lugha yao, na Wahaiti waliojitolea ughaibuni wakautafsiri ili waokoaji waelewe. Hakuna aliyewaambia walio chini ya vifusi kwamba wajifunze kwanza Kiingereza. Neno letu la Kiswahili lilisafiri hadi ng'ambo ya bahari kuokoa watu, ilhali hapa kwetu makadirio ya kaunti hayajui kusema Kiswahili!

Watakuwapo watakaodai kwamba tafsiri ni ghali, na kwamba Kiswahili hakina msamiati wa mambo hayo. Dai la pili ni uvivu. Makadirio, mapato, zabuni, ushuru, hatimiliki: maneno haya magazeti yanayatumia kila uchao. Ama gharama, sijasema kila waraka utafsiriwe wote. Ukurasa mmoja wa muhtasari kwa Kiswahili sanifu, wenye kusema ni kitu gani, ni wapi, ni shilingi ngapi na ni nani wa kuulizwa, hautaifilisi kaunti yoyote. Mwaka 2024 vijana wasio na bajeti yoyote waliufafanua Mswada wa Fedha kwa Kiswahili, kwa Sheng na kwa lugha za mama, na nchi nzima ikajua kilichomo. Kama wao waliweza, sembuse serikali?

Tena tuchunge majina tunayowapa vijana hao. Mtu yeyote anayeonekana mahiri wa kompyuta tunamwita mdukuzi, neno linalonuka wizi na upelelezi. Mei 2025 kijana mmoja wa kike alikamatwa kwa kutengeneza tovuti iliyowarahisishia wananchi kutuma maoni yao Bungeni. Mwezi uliofuata mahakama iliyatupilia mbali mashtaka. Anayemfungulia mwenzake mlango wa umma hadukui chochote, maana nyumba ni yao wote wawili.

Mimi na mzee tuliandika barua ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, tukitaja sheria na kifungu chake. Karani aliyeipokea aliigeuzageuza, akauliza kama hatuna nakala ya Kiingereza. Mzee akamjibu kwa upole kwamba sheria haikuitaka. Barua ikapigwa muhuri.

Leo ni siku ya 9. Mabati yangali pale, na watoto wanacheza barabarani. Tunahesabu.